Boti Iliyolazwa Nchi Kavu

"Inakwenda wapi?"

Aliyeuliza ni bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa amepanda lori la viazi kutoka Kichiwa ili aje kuiona boti kwa macho yake. Tulisimama ukingoni mwa bwawa la shamba la miwati, ile miti ya maganda ya kutengenezea ngozi, nje kidogo ya mji wa Njombe. Boti ya meneja ilikuwa imefungwa kwenye gogo mbele yetu, nyeupe, na mstari wa bluu ubavuni.

"Inakwenda ng'ambo ile, bibi."

"Halafu?"

"Halafu inarudi."

"Ng'ambo kuna nini?"

"Miwati."

"Kama hii ya huku?"

"Kama hii."

Bibi aliitazama boti, akanitazama mimi. "Kwa hiyo mzungu wenu anatoka kwenye miwati, anakwenda kwenye miwati, anarudi kwenye miwati. Wewe si umesoma mpaka Uganda? Niambie. Inakwenda wapi?"

Nilikuwa na shahada ya hisabati, na nilikuwa nimezoea kuuliza kuliko kuulizwa. Nilisema ni starehe tu. Bibi akasema starehe ni kukaa.

Ulikuwa mwisho wa masika. Mfukoni nilikuwa na barua ya kuniajiri katika shule moja ya wasichana kule Tanga, nianze Januari. Barua ilisema wazi kwamba asiyefika siku ya kufungua shule atahesabiwa ameikataa nafasi. Nusu mwaka uliobaki niliuona kama benchi la kituoni: unakaa, unasubiri, unaondoka. Nilifikiri kuondoka ni jambo la tarehe tu.

Baba yangu alikuwa fundi seremala mkuu wa shamba lile. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shamba. Siku chache baada ya bibi kurudi Kichiwa, meneja alituita barazani kwake, baba na mimi. Alikuwa anakwenda likizo kwao mpaka Disemba, na kampuni ya bima ilikuwa imeweka sharti: mwenye boti akiwa nje ya nchi, lazima awepo mtu wa kuikagua kila mwezi na kuandika hali yake kwa Kiingereza.

"Fundi nachunga boti," alisema kwa kile Kiswahili cha wazungu wa mashamba. "Wewe naandika. Mimi nakuja, naona boti iko mzuri, wewe nakwenda Tanga."

"Na nikipata kazi nyingine kabla ya hapo?"

Meneja akamtazama baba. Baba akatazama kofia yake aliyoishika mkononi. Nikaelewa kwamba jibu lilikuwa nyumba yetu.

*

Karatasi za bima zilikuwa zimefika kabla ya boti yenyewe, na pamoja nazo kijitabu cha ushauri kwa wanaotaka kununua boti za starehe, kuzikatia bima na kuzitunza. Nilikisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote mwaka ule, kwa sababu sikuwa na kingine.

Kilikuwa na mashauri ya busara. Kabla ya kuuliza bei ya boti, kilisema, uliza italala wapi. Usinunue boti uliyoiona majini tu. Itake itolewe, uitazame tumbo. Chukua kisu kidogo uchome mbao za chini, na kisu kikiingia kama kwenye mkate, muage muuzaji. Meneja hakufanya hata moja kati ya hayo. Aliinunua kwa mzungu mwenzake wa Dar es Salaam aliyekuwa anarudi kwao, na aliinunua kwa picha, kama vijana wa migodini wanavyoposa.

Kuhusu bima nilikuwa na maswali zaidi. Kampuni ilitaka kujua boti itaelea kwenye maji gani, mawimbi yake, kujaa na kupwa kwake. Meneja aliniamuru nijaze: bwawa, hakuna, hakuna. Bima ililinda boti dhidi ya kugongana na chombo kingine, wakati chombo kingine cha karibu zaidi kilikuwa Ziwa Nyasa. Ililinda dhidi ya wizi. Nilijaribu kumwaza mwizi wa Njombe akikokota boti kupanda mlima. Haikulinda uchakavu, kuoza, wala jambo lolote linalotokana na asili ya chombo chenyewe.

"Sasa unalipia nini?" nilimwuliza meneja.

"Kulala usingizi," akasema.

Lakini kosa lilikuwa limeanza kabla ya sharti lile la bima, siku ile tulipoifuata boti Makambako.

Lori lililoitoa pwani lilipofika njia panda ya Makambako lilikuta barabara ya Njombe imekuwa uji. Dereva aliishusha boti kando ya duka, akaendelea na safari yake ya Mbeya. Ilikaa pale mvua ikiinyeshea mpaka baba na mimi tulipotumwa na trekta la shamba. Tulikuta watu wameizunguka. Mama mmoja muuza ulanzi alikuwa ameegemeza vibuyu vyake ubavuni mwake.

"Kamwene, fundi!" alimsalimu baba. "Umekuja kuchukua jeneza? Marehemu alikuwa mnene hivyo?"

"Toa pombe yako, mama. Hiki ni chombo cha majini."

"Maji yako wapi Makambako?"

"Huyo binti ndiye nahodha," mwanamume mmoja akadakia. "Tazama viatu vyake."

"Nahodha wa kike! Basi ataolewa na kambare."

Nilijifanya sisikii. Baba alikuwa ameshapiga magoti chini ya boti. Nilikuwa nimemsomea kijitabu njiani, kwa hiyo alitoa kisu akachoma hapa na pale. Kisu hakikuzama; mbao zilikuwa nzima. Kisha akaweka kiganja, akaweka na shavu, akagonga kwa vidole na kusikiliza. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona wizi.

"Mbao mbichi," alisema. "Wamemuuzia mbao mbichi."

"Baba, imetoka baharini. Imelowa tu."

"Na mbao ikilowa inafanywaje?"

"Inakauka."

"Inakaushwa," baba alinisahihisha. "Haikauki yenyewe kama nguo. Hilo hawakuwafundisha Uganda?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Pale kwetu hakuna aliyemshinda baba kwa mbao. Alitengeneza madhabahu ya kanisa letu na milango yake, na milango ile haikupinda wala kufunguka maungio, kwa sababu hakugusa ubao kabla haujakaa kivulini misimu miwili. Kwa fundi wa Njombe, kukausha ndiko kazi yenyewe. Randa na msumari huja baadaye.

*

Meneja aliifurahia boti wiki chache, akasafiri. Kijitabu kilisema boti isiyotumika itolewe majini, ioshwe, iwekwe juu ya magogo yaliyo sawa, ifunikwe, na upepo upite. Adui mkubwa, kilisema, ni unyevu. Baba alinifanya nisome sentensi hiyo mara ya pili.

"Aliyeandika hiki ni fundi," akasema.

"Aliandika akiwa Uingereza, baba. Huko kiangazi chao kina mvua."

"Kwa hiyo unyevu wa Uingereza ni adui na wa Njombe ni rafiki?"

Alijenga banda zuri kuliko nyumba yetu. Aliilaza boti juu ya magogo, na chini yake, kila asubuhi, aliwasha moto mdogo wa maganda ya miwati. Ulikuwa moto wa moshi tu, usio na ndimi. Hivyo ndivyo mama alivyotunza mahindi darini juu ya meko, na ndivyo bibi alivyotunza ya kwake: moshi hufukuza dumuzi na hukausha mpaka ndani. Jirani aliyepita aliona jambo la kawaida kabisa. Kitu cha thamani kilikuwa kinatunzwa.

Kisha kiangazi kikaingia, na upepo wa baridi wa Juni na Julai ukaanza kuvuma bila kupumzika. Ukiamka unaona miwati. Ukienda kisimani unaona miwati. Harufu ya maganda yake ilikuwa kwenye blanketi, kwenye nywele, kwenye uji. Wenzangu wa chuo waliniandikia kutoka Dar es Salaam: walikuwa wanakwenda kwenye mikutano, walikuwa wanagombana kuhusu serikali ijayo. Mimi kila mwanzo wa mwezi nilikwenda bandani, nikaizunguka boti, nikaandika kwamba iko salama, imekauka, haina ukungu. Katikati ya mwezi nilichimba viazi na mama.

Jumapili ilikuwa ngumu zaidi. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alikuwa na utani mmoja, na hakuuchoka.

"Fundi, safina inaendeleaje?"

"Inaendelea, mzee."

"Nuhu alikuwa na wana watatu na wake zao. Wewe mkubwa wako ni binti, na mume hana. Gharika ikija tutaanzaje dunia upya?"

Wanawake walicheka wakiziba midomo kwa khanga. Baba naye alicheka. Mimi nilitazama barabarani. Malori ya kwenda Makambako yalipita pale kanisani, na nilijua kwamba nikipanda moja saa hiyo hiyo, Makambako ningepata basi la Iringa, na kutoka Iringa njia zote zinaelekea pwani. Hakuna aliyenifunga kamba. Kulikuwa na nyumba tu, na baba ndani yake, na mama, na wadogo zangu.

Mwezi wa tisa niliingia bandani nikaona michirizi ya mwanga sakafuni. Jua lilikuwa linapenya kati ya mbao za boti. Mianya ilikuwa imefunguka kuanzia mbele mpaka nyuma, mingine ingemeza shilingi.

"Baba, imeachana."

Hakushtuka. Aliitazama kwa kuridhika, kama daktari anayeona jipu limeiva. "Sasa imekauka. Ilikuwa inaficha. Sasa tunaweza kuziba mara moja na isifunguke tena."

Nilikwenda kuchukua kijitabu. Kilisema mianya ijazwe kwa pamba iliyosokotwa, kisha juu yake ipakwe kitu laini. Nikamsomea.

"Pamba?" Baba alicheka sana. "Pamba ni ya kidonda, mwanangu."

"Ndivyo kinavyosema. Na kinasema laini."

"Mlango ukipasuka unauziba kwa pamba?"

"Huu si mlango."

"Ni mbao. Haya, niambie kwa nini laini. Wewe mtu wa kuuliza kwa nini, leo nakuuliza mimi."

Kijitabu hakikusema kwa nini. Kilitoa amri tu, kama vitabu vingi vya wazungu vilivyotufikia. Nami sikuwahi kukubali amri isiyo na sababu; baba alijua hivyo, na alinishika hapo hapo. Basi akachonga vibanzi vyembamba vya mninga, akavipaka gundi, akavigonga katika kila mwanya mpaka vikakaa kama vimeota. Juu yake alipiga randa, akapaka rangi. Kazi ilimchukua mwezi mzima. Ukipitisha kidole ubavuni hukuweza kujua ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Sikuwahi kuona kazi ya mikono nzuri kama ile.

*

Meneja alirudi Disemba na wageni. Jumamosi boti iliteremshwa bwawani na vibarua wakiimba. Haikuingiza hata tone. Mgeni mmoja alipitisha kitambaa cheupe chini, akakiinua kikiwa kikavu, wengine wakapiga makofi. Meneja alimpa baba mkono mbele ya watu wote. Mchana ule nilifungasha sanduku langu. Lori la Makambako lilikuwa la Jumatatu. Mama alinipa blanketi jipya, ingawa nilimwambia Tanga kuna joto.

"Joto la watu wengine," alisema. "Chukua."

Jumapili tulipotoka kanisani tulisikia mlio kutoka upande wa bwawa, kama tawi kubwa linalokatika. Kisha mwingine. Tulipofika, boti ilikuwa imefungwa pale pale kwenye gogo lake, hapakuwa na mtu ndani, na ilikuwa inajivunja yenyewe. Mbao zilikuwa zimekunywa maji usiku kucha na zilitaka nafasi, na nafasi baba alikuwa ameijaza yote. Zikasukumana. Ubavu mmoja ulitoka nje kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa, misumari ikaruka, mataruma, zile mbao za ndani zinazoshika ubavu, yakapasuka. Ilizama taratibu, bila haraka, ikakaa matopeni na pua yake juu.

Baba aliingia majini na viatu vyake vya kanisani. Aliishika boti ukingoni kwa mikono miwili, kama mtu anavyomshika ndama aliyenasa, akabaki hivyo.

Meneja alifika na wageni wake. "Fundi," alisema bila kupaza sauti, "wewe natengeneza meza mzuri sana. Mimi nataka boti."

Wageni walicheka. Afadhali angetukana.

Kampuni ya bima ingemtuma mkaguzi, na mkaguzi angetaka kuzungumza na aliyeilinda boti na aliyeandika hali yake. Jioni baba aliniambia niende Tanga. "Nitawajibu mwenyewe," alisema.

"Kwa Kiingereza kipi, baba?"

Mama aliendelea kumenya viazi. Jumatatu lori liliondoka na sikuwemo.

Mkaguzi alikuwa aje kabla ya mwaka mpya. Mvua ikaja yeye hajaja. Januari ikaingia. Madereva wakaleta habari kwamba amefika Makambako na barabara imemshinda, kwa hiyo meneja akanituma kwa trekta nikamchukue. Trekta likaharibika njiani, likachelewa kutengenezwa, na nilipofika mwenyeji wake akaniambia amekwenda Mbeya kwa kazi nyingine, atarudi kesho, au kesho kutwa. Nililala kwa ndugu wa mama kule Kitandililo, na kila asubuhi nilikwenda kukaa barazani mwa duka la njia panda.

Pale barabara tatu zinakutana. Nilikaa nikizitazama zote. Basi la Iringa lilisimama mbele yangu, utingo akaniita, "Dada, pwani? Nafasi ipo!" Nilitikisa kichwa. Kesho yake akaniita tena. Siku iliyofuata hakuniita, akaninyooshea kidole tu na kumwambia dereva, "Huyu wa hapa hapa." Asubuhi hiyo ndiyo shule kule Tanga ilifunguliwa. Nilijua saa ambayo kengele ilikuwa inapigwa. Muuza ulanzi aliniuliza kama nahodha amekosa upepo. Nilimwambia ndiyo.

Mkaguzi alikuja siku ya pili yake. Alikuwa Mhindi mzee aliyezaliwa pwani, mpole, anayezungumza Kiswahili kizuri kuliko chetu sote. Alisikiliza maelezo yangu juu ya trekta tukirudi Njombe, bila kunikatiza. Bwawani alipiga magoti kwenye matope, akapitisha kidole kwenye vibanzi vya baba.

"Mzee, mliikausha?"

"Kabisa," baba alisema.

"Na ilipofunguka mkaziba kwa mti."

"Mninga."

Mkaguzi akahema. "Boti haikaushwi, mzee wangu. Ikikauka hivyo unaizamisha kwenye maji ya magotini, unaiacha hapo siku kadhaa. Inakunywa, inavimba, inajifunga yenyewe. Ile pamba huwekwa laini ili mbao zipate pa kuvimbia."

"Yaani dawa yake ni kuizamisha?"

"Ndiyo hiyo."

Baba aliitazama pua ya boti iliyokuwa juu ya maji. "Basi imeshazama. Itapona lini?"

Mkaguzi akaanza kucheka, baba naye akacheka, wakacheka wazee wale wawili mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilikuwa ninahesabu siku za safari ya Tanga iliyokwisha kunipita.

Bima haikulipa kitu: walisema ni asili ya chombo, na matunzo mabaya. Meneja hakumfukuza baba. Alimhitaji kwa mabanda ya kukaushia maganda. Nyumba ikabaki yetu. Sikuiandikia shule. Barua yao ilikuwa imeshasema yote, na sikuona sababu ya kuwaomba watu kitu walichokwisha kumpa mwingine. Nilipata darasa la watoto wadogo katika shule ya misheni karibu na nyumbani, nikafundisha kujumlisha na kutoa nikitazama dirishani, na kwa muda mrefu dirishani kulikuwa na miwati.

Miaka mingi baadaye, bendera nyingine ikiwa imeshapanda, nilimpeleka mama hospitali ya Tandala. Tukiwa tunasubiri kwenye benchi nilizungumza na nesi mmoja, na katika mazungumzo akasema alisoma Tanga. Nilimwuliza shule gani, akaitaja. Nilimwuliza mwaka gani, akautaja. Nikamwuliza kama alimpenda mwalimu wake wa hisabati.

"Mwaka ule hatukuwa naye," alisema. "Walimwajiri dada mmoja wa huku huku kwenu, hakufika. Mkuu wa shule akakataa kuweka mwingine, akasema barabara za nyanda za juu ni mbaya, atakuja tu. Nafasi ilikaa wazi mpaka mwaka ukaisha."